Kaka kauza ekari mbili za shamba la marehemu baba, mirathi haijafunguliwa. Twende Baraza la Ardhi au Mahakama ya Mwanzo?

BintiMachungwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua sheria, maana hapa nyumbani kila mtu ni wakili.

Baba yetu alifariki 2019. Ni Mwislamu, aliishi na kuzikwa kijijini, mkoa wa Tanga. Ameacha wake wawili (mama yangu na mama mdogo), watoto wa kiume watatu na wa kike wanne. Babu na bibi walishatangulia. Mali kubwa ni shamba la ekari 12, michungwa na minazi kidogo. Hati hakuna, ni ardhi ya kijiji, ila majirani wote wanajua mipaka. Mirathi hatukufungua, kila tukiuliza kaka mkubwa anasema "shamba halina miguu".

Mwaka jana akauza ekari mbili, zile za kando ya barabara, kwa mtu wa mjini. Karatasi ya mauziano imegongwa muhuri na mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi ni rafiki zake. Tumeshtuka mnunuzi anakata michungwa na kumwaga mawe ya msingi. Tukienda Baraza la Kata, kaka anasema tumekosea mlango. Tukisema mahakamani, mnunuzi anasema mambo ya ardhi hayaendi mahakama ya mwanzo. Mama mdogo naye anataka lote liuzwe tugawane hela.

Mlango wetu ni upi?

Mzee wa Pongwe

Pole sana binti yangu. Kaeni kikao cha ukoo kwanza, mwite na shehe. Mahakama inakula shamba lenyewe.

Kidume_Halisi

Kaka ndiye baba sasa. Nyie wa kike mtaolewa, shamba la nini? Mwacheni mtu apange maisha.

KaraniMstaafu

Nimefanya kazi masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, mafaili ya namna hii nimeyafunga kwa kamba mpaka vidole vikaota sugu. Binti, nakujibu taratibu.

Kwa sasa hakuna mtu yeyote kwenye familia yenu mwenye mamlaka ya kuuza hilo shamba, na hakuna mwenye mamlaka ya kulishitakia. Si kaka, si mama, si wewe. Mali ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kabla hajateuliwa, kaka kuuza ni kuuza asichokabidhiwa. Na wewe ukikimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa jina lako ukidai "shamba la marehemu baba", wakili wa mnunuzi atasimama siku ya kwanza na pingamizi la awali: mdai hana haki ya kushitaki. Shauri linafutwa, na gharama juu.

Kwa hiyo anzeni Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa anaishi marehemu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, Jedwali la Tano, inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya mirathi pale inapotumika sheria ya Kiislamu au ya kimila, marehemu akiwa na makazi ya kudumu ndani ya mipaka ya mahakama hiyo. Baba yenu anaingia hapo bila kubanwa. Thamani ya shamba isikutishe.

Mkafungue mirathi, apatikane msimamizi mmoja au wawili. Fomu namba IV, yaani barua ya mahakama ya kumteua msimamizi, ikiwa mkononi ndiyo funguo.

WakiliPori

Mzee Karani heshima yako, ila hapo kuna shimo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kifungu cha 4, inasema mahakama zilizoundwa chini ya Sura ya 11 hazina mamlaka ya madai katika mambo ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Mnunuzi si mrithi. Yeye anadai ekari mbili kwa mkataba. Huo ni mgogoro wa ardhi, na wa kumwamulia mnunuzi ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mahakama ya Mwanzo ikimgusa, uamuzi unafutwa kwenye rufaa.

KaraniMstaafu

Hoja yako ina uzito, na imewapoteza wengi. Soma pamoja na Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, kanuni za mirathi katika mahakama za mwanzo. Kanuni ya 8 inaorodhesha mambo ambayo mahakama ya mirathi inaweza kuyasikiliza na kuyaamua: kama marehemu aliacha wosia, nani ni mrithi, mali ipi ni ya marehemu na madeni yapi ni yake. Halafu inataja kabisa suala lolote la kuuza, kugawa au kutenga mali ya marehemu ili kulipa wadai au kuwapa warithi. Kuuza na kugawa vimeandikwa humo. Hakimu wa mwanzo anaposema "hili shamba ni mali ya mirathi, lililouzwa kabla ya msimamizi kuteuliwa halikuuzwa kihalali", haamui mpaka wa majirani. Anaamua mirathi.

Mahakama ya Rufani nayo, katika Maombi ya Madai Na. 1 ya 2009, ilishasema kwamba pakiwa na madai yanayogongana juu ya mali ya marehemu, mahakama ya mirathi ndiyo inayoweza kueleza mali ilivyotoka kwa marehemu hadi kwa mrithi, au hadi kwa mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Anayedai kitu lazima aonyeshe mzizi wa haki yake mpaka kwenye barua ya usimamizi. Huyu wa mjini mzizi wake unaishia kwenye muhuri wa kitongoji.

WakiliPori

Sawa, lakini tutenganishe. Mnunuzi akisema "nilinunua kwa mtoto wa marehemu", hapo nakubali, mzizi ni marehemu, twende mahakama ya mirathi. Je, akigeuka akasema "ekari hizi marehemu mwenyewe aliniuzia 2015, huyu mtoto alikuja kunionyesha mipaka tu"? Au akatokea jirani anasema haikuwa ya marehemu tangu awali? Hapo swali si mirathi tena, ni nani mmiliki wa ardhi. Msimamizi ndiye atakayefungua au kushitakiwa Baraza la Wilaya.

KaraniMstaafu

Hapo tumeshikana mkono. Ndiyo maana nasema msimamizi kwanza. Njia ikielekea mahakama ya mirathi, anahitajika. Ikielekea baraza la ardhi, anahitajika pia. Watu wanabishana miaka juu ya mlango wakati hawana mtu wa kugonga hodi.

Fundi Tofali

Baraza la Kata si ndio la kwanza? Sisi kwetu walikuwa wanatoa hukumu na kupima kwa kamba siku hiyo hiyo.

WakiliPori

Zamani. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halina meno ya kuamua mgogoro wa ardhi, kazi yake imebaki usuluhishi. Lakini huwezi kuliruka: Baraza la Wilaya halipokei shauri la umiliki mpaka Kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila kusuluhisha. Kama walimpa mtu "hukumu" baada ya hapo, karatasi hiyo ni ya kufungia karanga.

Na ngazi ya Wilaya ina kikomo: kudai kurudishiwa mali isiyohamishika ni hadi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Ekari mbili za michungwa hazifiki huko, hata za kando ya lami.

BintiMachungwa

Nashukuru sana wazee wangu. Sasa hofu yetu: tukienda Mahakama ya Mwanzo hakimu atatugawia shamba? Maana kaka anasema hakimu atachukua kamba na kuwapa wanawake robo. Na mama mdogo akiomba liuzwe, hakimu anaweza kutulazimisha?

KaraniMstaafu

Hakimu hagawi. Hili liliwekwa sawa na Mahakama Kuu mwaka 1986 (TLR, yaani kitabu cha ripoti za kesi za Tanzania, cha mwaka huo, ukurasa wa 26): Mahakama ya Mwanzo haitakiwi kugawa mali ya marehemu, hiyo ni kazi ya msimamizi aliyeteuliwa. Mahakama inateua, inasikiliza mapingamizi, inaamua maswali kama yale ya kanuni ya 8, inakagua hesabu, na inaweza kumng'oa msimamizi akiharibu. Anayeshika kamba ni msimamizi.

Na msimamizi ana tarehe za kubanwa nazo. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi ambao mahakama itampa, anapeleka Fomu namba V: mali zote na madeni yote. Baadaye Fomu namba VI, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Fomu V yenu iandikwe ekari 12, si 10. Mkiandika 10 kwa kumwonea haya kaka, mmeshabariki mauzo. Andikeni 12, na pembeni muandike kwamba 2 zimeshikwa na fulani anayedai kununua.

Kuhusu kuuza lote: msimamizi ana uwezo wa kuuza mali ya mirathi. Mahakama ya Rufani ilishasema (TLR ya 1994, ukurasa wa 225) kwamba halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza. Hii wengi hawaijui, wanadhani saini moja ikikosekana mauzo yamekufa. Kwa hiyo angalieni sana mnamteua nani. Mimi ningewashauri wawili, mmoja wa kila nyumba, wasaini pamoja. Jedwali la Tano linaruhusu zaidi ya mmoja, na mkishindwa kuaminiana kabisa mahakama inaweza kumteua mtu mwadilifu asiye na upande.

Mnunuzi_Makini

Naongea kutoka upande wa pili wa meza. Nilinunua kiwanja cha mirathi Mkuranga. Kabla sijatoa hata mia niliomba Fomu IV, nikaenda masjala kuangalia kama namba ya shauri ipo kweli, nikaomba kuona Fomu V kama kiwanja kimo. Miaka miwili baadaye mrithi mmoja akanishitaki kwamba hakusaini. Alishindwa kwa hoja hiyo hiyo ya 1994. Huyu wa kwenu alinunua kwa mtu asiye na karatasi yoyote ya mahakama. Halafu ni ardhi ya kijiji na yeye si mkazi: alihitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, siyo muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Muulizeni mtendaji kama kuna muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Nabeti hakuna.

WakiliPori

Hiyo ni silaha ya pili, na kwangu ni kali kuliko ya kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Mahakama zimeshafuta mauzo mengi ya ardhi ya kijiji kwa kukosa idhini ya halmashauri. Ila hiyo ni hoja ya kupeleka Baraza la Wilaya chini ya jina la msimamizi, hapo ndipo nyumbani kwake.

Nshomile wa Kanyigo

Namrudia huyo Kidume_Halisi, wengine mmempita kimya.

Kaka, sisi Wahaya hilo jambo lilitufikisha Mahakama Kuu Mwanza. Mwanamke alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakama ya mwanzo kudai mauzo ni batili kwa sababu mila zilizoandikwa 1963 zinampa mwanamke haki ya kutumia shamba la ukoo, siyo kuliuza. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi, Wilaya ikageuza, ikafika kwa Jaji Mwalusanya. Mwaka 1990 akasema kanuni hiyo inagongana na haki ya usawa iliyoingizwa kwenye Katiba 1984, mwanamke ana uwezo wa kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ni miaka zaidi ya 30. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, nayo inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Kule kwenye Uislamu binti anapata nusu ya kaka yake, sawa, ni sheria yao. Lakini anapata. "Mtaolewa" haimo kwenye Qurani wala kwenye Jedwali la Tano.

Kidume_Halisi

Mmeleta siasa za haki za wanawake sasa.

Ustadh Mpole

Hapana ndugu, ni faraidhi, mgao wa mirathi wa Kiislamu. Tupige hesabu badala ya kelele. Wake wawili, marehemu ana watoto: wanagawana thumni, yaani moja ya nane. Ekari 12, thumni ni ekari 1.5, kila mama 0.75. Zinabaki 10.5. Wa kiume watatu kila mmoja mafungu mawili, wa kike wanne fungu moja moja, jumla mafungu kumi. Kila binti ekari 1.05, kila kijana ekari 2.1. Hii ni baada ya kulipa madeni na wosia kama upo, na wosia usizidi theluthi wala usiwe kwa mrithi.

Sasa angalieni. Kaka mkubwa haki yake ni 2.1, ameuza 2. Kwa kipimo cha kamba amekula fungu lake tu.

BintiMachungwa

Ustadh umenifanya nikae chini. Kwa hiyo kaka hana kosa?

KaraniMstaafu

Ana kosa. Kwanza hakuna fungu la mtu kabla ya kugawa, wote mna haki kwenye kila mchungwa. Pili, ekari si sawa na ekari. Amechukua barabarani, akawaachia bondeni. Msimamizi akigawa, afanye kwa thamani, amwite mthamini au angalau wazee wanaojua bei za kijijini. Kama ekari mbili za mbele zina thamani ya ekari nne za nyuma, kaka amechukua fungu lake na la wengine.

Lakini hesabu ya Ustadh inafungua njia ambayo nimeiona ikimaliza kesi bila damu: warithi wakikubali, msimamizi anaweka zile ekari mbili kwenye fungu la kaka, anathaminisha, na kaka anawalipa wenzake tofauti, kwa hela au kwa michungwa ya upande mwingine. Mnunuzi anabaki, ila karatasi yake inaanza upya: msimamizi anasaini, halmashauri ya kijiji inaidhinisha. Makubaliano hayo yaandikwe na kuwasilishwa mahakamani. Mkikataa, mnapigana kurudisha ardhi, na kaka anadaiwa na mnunuzi hela zake. Hiyo ni yao wawili.

Jambo jingine nimelikumbuka. Mama mdogo alishiriki kupanda michungwa? Kuna kipande alikinunua kwa hela yake? Kama kipo kisiingie Fomu V, si mali ya marehemu. Asikae kimya halafu adai baadaye.

Msambweni Boy

Huku kwetu Kenya mngeenda kwa Kadhi kama wote ni Waislamu na mmekubali mamlaka yake, Katiba inamruhusu mirathi. Lakini mgogoro wa ardhi wenyewe tuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ugomvi wa mlango upo vilevile: jaji wa mirathi anasema hili nendeni kule, wa kule anasema rudini. Kitu kimoja kiko wazi sana: kuuza ardhi ya marehemu kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa hairuhusiwi, na kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila mamlaka ni jinai, unaweza kufungwa hadi mwaka mmoja.

Mzee wa Pongwe

Na huku kwetu je, kadhi wa BAKWATA hawezi kuamua?

Ustadh Mpole

Atawapigia faraidhi vizuri kabisa na kuwasuluhisha, mzee wangu. Lakini Bara karatasi yake si amri ya mahakama, haimtoi mtu shambani. Mwende kwake kwa hesabu na nasaha, mwende Mahakama ya Mwanzo kwa nguvu.

BintiMachungwa

Swali la mwisho wakuu. Wakati haya yakiendelea, jamaa anaendelea kujenga. Tumzuie vipi? Na muda haujatupita?

WakiliPori

Muda: kudai ardhi ni miaka 12, mko ndani. Kuhusu kujenga: mkishafungua mirathi ombeni mahakama itoe zuio mali isiguswe mpaka msimamizi ateuliwe, na amri hiyo apewe mnunuzi kwa maandishi. Akishateuliwa, msimamizi aandike barua kwake na nakala kwa mtendaji wa kijiji. Pigeni picha za michungwa iliyokatwa leo, na hesabu ya visiki. Msimrushie mawe.

Mkishindwa Mahakama ya Mwanzo, rufaa ni Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Mkiwa Baraza la Wilaya, rufaa ni Mahakama Kuu, siku 45. Msichanganye, nimeona watu wametoka baraza la ardhi wakakata rufaa Mahakama ya Wilaya.

KaraniMstaafu

Siku ya kufungua beba: cheti cha kifo, majina ya warithi wote wa nyumba zote mbili bila kuficha mtu, barua ya mtendaji, na muhtasari wa kikao cha familia. Huo wa mwisho makarani watakuuliza. Kaka akigoma kusaini hauzuiliki, andika kwamba alialikwa akakataa. Mahakama itatoa tangazo, akitaka kupinga aje apinge mbele ya hakimu.

BintiMachungwa

Asanteni sana. Tumekubaliana na mama mdogo: mimi na mwanawe wa pili tuombe usimamizi pamoja. Suala la kuuza lote ameliweka pembeni mpaka thamani ijulikane.

Kinyozi Tandika

Naomba kuingilia. Sisi ni nyumba ya Temeke, ina hati, marehemu alikuwa na mke wa Kikristo na mwingine wa ndoa ya bomani, na benki inadai...

WakiliPori

Mkuu, fungua uzi wako. Hiyo ya kwako ni kesho na kahawa.